Duara Moja na Mkwe Wangu

Jumatatu tarehe 1 Machi 1976, saa nne asubuhi, majina ya makundi yalisomwa katika bwalo la chuo cha elimu ya watu wazima, na jina langu likafuatwa na jina ambalo sijalitamka mpaka leo. Nilikuwa nimeishi katika ukoo wa marehemu mume wangu miaka kumi na minne, karibu miwili ya mwisho nikiwa mjane, na kila jina lile lilipohitajika nilisema "mzee wa boma la juu" au nilinyamaza. Alikuwa mdogo wake baba mkwe wangu, wa baba mmoja na mama mmoja, na baba mkwe alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa mkwe wangu. Alikuwa pia mwenyekiti wa kijiji chetu. Sasa mwalimu alisimama mbele yetu akitangaza kwamba sisi wanane wa kundi la tano tungekaa duara moja, tungekula sinia moja na kulima shamba moja kwa miezi mitatu, na kwamba waliotoka kijiji kimoja, kama mimi na mkwe wangu, wamewekwa pamoja kwa makusudi, ili wakirudi warudi na mpango mmoja.

Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme wazi. Mke wa mtoto hamtazami mkwe wake usoni, hali naye chombo kimoja, hakai akamwelekea, wala hatamki jina lake. Humsalimu kwa mbali, ameinama, na likiwapo neno la kuzungumzwa hupitia kinywa cha mtu mwingine. Huo si woga wala chuki. Ni soni, na mkwe naye ana sehemu yake ya kuitunza. Anayeivunja huwa kama amemvua mwenzake nguo mbele za watu.

Jambo lililonipeleka chuoni lilikuwa kusoma. Nilijua herufi nikiwa na miaka thelathini na moja, katika kisomo cha jioni, nikafaulu hatua ya nne mwezi Agosti 1975, wa kwanza katika darasa letu, wanaume wakiwamo. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli. Lakini jambo lililoninyima usingizi lilikuwa kiwanja.

Mume wangu alifariki kwa homa ya matumbo siku ya Ijumaa tarehe 14 Juni 1974. Mwaka huo huo tulihamia kijiji kipya na kujenga vibanda vya haraka, na mwanzoni mwa 1976 kijiji kikaanza kupimwa upya ili kila kaya ipate kiwanja chake na shamba lake. Orodha ya kaya ilikuwa mikononi mwa mwenyekiti, naye alitakiwa kuipeleka wilayani Ijumaa tarehe 9 Aprili. Baada ya hapo isingeguswa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alitaka kaya yangu iandikwe chini ya jina lake, kwa hoja kwamba nina mabinti wawili na sina mtoto wa kiume. Kuandikwa chini yake kulikuwa na maana moja tu: ningekuwa mke wake wa pili bila kuulizwa tena. Mara ya kwanza aliponiuliza nilikataa. Na mbele ya mkwe wangu mwenye orodha, kwa kuwa mimi sikuweza kusema naye, kinywa changu nyumbani kilikuwa shemeji huyo huyo.

Hayo ndiyo niliyoingia nayo katika chumba cha kundi la tano.

Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata baadhi yetu tulisikiliza sauti tukasahau maana. Alipanga viti vinane kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakaa pembeni.

"Hapa hakuna mwalimu wala mwanafunzi," alisema. "Kila mtu ni ndugu. Anayesema atazamwe na wenzake, na anayejibu amjibu aliyesema, asijibu ukuta."

Nilichukua kiti changu nikakigeuzia dirishani. Mkwe wangu alichukua chake akakipeleka karibu na mlango, akatazama uwanjani. Hatukuwa tumeafikiana. Kila mmoja alifanya alichofundishwa.

"Mwalimu," alisema fundi cherehani mmoja wa Tarime mjini, "duara lako limepasuka mara mbili na bado halijaanza."

Watu wakacheka. Fundi huyo alikuwa Mwislamu, mtu wa makamo. Baba yake alikuja kutoka Pangani akaoa kwetu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshona nguo za nusu ya wilaya. Mwalimu hakucheka. Alieleza sheria ya chuo: katibu wa kundi ataandika katika daftari kila mchango na jina la aliyeutoa, na atakayemaliza wiki nne bila kuchangia atarudishwa kijijini na barua kwa mwenyekiti wake.

"Na mwenyekiti mwenyewe akinyamaza?" fundi aliuliza. "Barua atajiandikia?"

"Mura, shona nguo zako," mkwe wangu alisema, bado ametazama nje.

Mura ni kijana kwa Kikurya, na fundi alikuwa na mvi. Katibu, kwa uaminifu wake, aliyaandika maneno hayo katika daftari kuwa mchango. Yalikuwa maneno pekee ya mkwe wangu kwa wiki tatu. Yangu hayakuwapo.

Tulijadili maji, kisha tukajadili vyoo, kisha kisomo cha akina mama. Juu ya kisomo nilikuwa na maneno ya kujaza daftari zima. Niliyameza. Kusema mkwe akisikia, katika chumba ambamo ameketi, kungekuwa sawa na kumsemesha. Saa saba mchana sinia la kundi lililetwa, ugali na maharage, nami nilisimama nikaenda bombani kunawa mikono ambayo ilikuwa safi, nikabaki huko mpaka sinia likarudi jikoni. Mkwe wangu alikatiwa kipande chake akakila nyuma ya stoo. Mwenzangu wa chumba, mama mkulima wa Nyambureti aliyekuwa pia katika kundi letu, alinifichia bakuli.

"Dada, utakufa na heshima yako tumboni," aliniambia. "Mweleze mwalimu wakutenge na mzee."

"Nikieleza atacheka."

"Acha acheke. Wewe utakuwa umeshiba."

Sikueleza. Jumatano tarehe 17 Machi mwalimu mwenyewe aliniita ofisini. Daftari la katibu lilikuwa mbele yake.

"Ndugu, mna ugomvi, wewe na mwenyekiti wako?"

"Hapana."

"Basi mbona wewe ambaye cheti chako cha kisomo ni kizuri kuliko vyote hapa, jina lako halimo hata mara moja? Imebaki wiki moja na nusu. Sitaki kukuandikia barua." Alifunga daftari. "Naweza kukuhamishia kundi la pili. Niandikie sababu kwa mistari miwili."

Nilimwomba anipe hadi kesho yake. Nilipotoka nilipita mbele ya ubao wa matangazo, nikasoma mada za kila kundi. Kundi la pili lingejadili ufugaji wa nyuki. Kundi la tano, kuanzia Jumatatu tarehe 22, lingejadili ardhi ya kijiji na haki za kaya.

Nilisimama pale muda mrefu. Nyumbani mambo ya ardhi yaliamuliwa katika ritongo, mkutano wa wanaume wa ukoo, na sisi wanawake tuliyapata jikoni yakiwa yamekwisha. Sasa yangesemwa katika chumba ambamo nina kiti, na mwenye orodha akiwa ndani. Alhamisi nilimrudia mwalimu nikamwambia nitabaki kundi la tano.

"Utasema?"

"Nitasema."

Jumamosi tarehe 20 mama mmoja wa kijijini kwetu, akitoka mnadani, aliniita kwenye lango la chuo. Alinisalimu, akaniuliza habari za masomo, akatua ndoo yake kabla ya kusema alichokuja kusema. Shemeji alikuwa amechimba mashimo ya nguzo katika kiwanja kilichonuiwa kuwa changu, mashimo kumi na mawili. Alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi nikirudi nitakuta nyumba tayari.

Hapo ndipo nilipokosea. Usiku wa Jumapili nilijishawishi kwamba chuo ni nchi nyingine. Nilijiambia kwamba mwalimu amesema kila mtu ni ndugu, kwamba serikali imesema hivyo hivyo, na kwamba neno hilo linaweza kunifunika kama kanga inavyofunika. Jumatatu asubuhi katibu aliposoma mada, niligeuza kiti changu. Nilikigeuza chote. Nikamtazama mkwe wangu usoni.

"Ndugu Mwenyekiti," nilisema, "katika orodha ya kaya, mjane anaandikwa kwa jina la nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake kwa karibu. Alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, na macho yake yalikuwa ya mtu mzee kuliko nilivyodhani. Nilitarajia hasira. Niliona aibu, aibu ya mtu aliyekutwa anaoga. Aliinamisha kichwa. Mama wa Nyambureti alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Fundi alitazama viatu vyake.

"Vizuri sana, ndugu," mwalimu alisema kutoka pembeni. "Hatimaye."

Mkwe wangu alichukua fimbo yake na kofia yake, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja kuelekea bweni la wanaume, polepole, mkono mmoja ukishika ukuta. Kabla ya saa sita habari zilienea kwamba mwenyekiti wa kijiji chetu amefunga blanketi lake na anangoja gari la kesho yake alasiri.

Nilijua maana yake. Angerudi kijijini akiwa amedhalilishwa na mkwewe, na orodha iko mfukoni mwake. Nilichokuwa nimekitafuta kwa wiki tatu nilikuwa nimekipoteza kwa sentensi moja.

Alasiri ile nilikwenda chumba cha ushonaji. Fundi alikuwa peke yake, akipima kitambaa.

"Fundi, nina shida."

"Najua shida yako, mama. Umemvua mzee suruali mbele ya watu. Na suruali ile nimeishona mimi, najua haivuliki kwa urahisi." Alipoona sicheki aliweka chini mkasi. "Kaa."

Nilimweleza yote: kiwanja, shemeji, mashimo kumi na mawili, tarehe 9. Sikuwa nimemweleza mtu mwingine. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja.

"Unataka kusema naye, au unataka asikie?"

"Nataka asikie, na ajibu."

"Basi mbona ulijisumbua kumtazama? Dukani kwangu huja mkwe na mke wa mwanawe siku moja, huyu anapimwa gauni, yule anapimwa koti. Mmoja anakaa ndani, mwingine anakaa barazani, na mimi nasimama mlangoni. 'Fundi, mwambie.' 'Fundi, muulize.' Wamepanga harusi nzima kwa kinywa changu. Mimi ndiye ukuta wao."

"Mwalimu amesema tusijibu ukuta."

"Mwalimu hajaniona mimi," alisema, akavaa kofia yake kwenda bweni la wanaume.

Walichozungumza sikukijua, na fundi hakunieleza hata baadaye. Jumanne tarehe 23, saa mbili unusu, nilipofika chumbani nilikuta kiti cha fundi kimewekwa katikati ya mlango. Nje, kwenye benchi lililoegemezwa ukutani, niliona ncha ya fimbo tu. Blanketi lililofungwa lilikuwa chini ya benchi hilo. Gari lilikuwa la alasiri, na hakuwa amesema kwamba hatalipanda. Niliingia nikaketi, mgongo wangu ukiuelekea mlango.

Mwalimu alitutazama kwa zamu. "Hiki ni nini?"

"Kundi la tano, mwalimu," fundi alijibu. "Wote wanane wapo."

"Huu si mjadala. Hii ni posta."

"Posta nako barua hufika."

"Mtatumia muda mara mbili kwa neno moja."

"Muda tunao," mama wa Nyambureti alisema. "Wiki tatu tulikuwa tunasikiliza nzi."

Kwa haki ya mwalimu niseme kwamba alirudi pembeni akakaa. Nikamwambia fundi amuulize mzee lile swali langu.

"Mzee," fundi alisema akigeukia nje, "mama huyu, kwa adabu zote, na akiwa amepiga magoti—"

"Sijapiga magoti."

"Anasema hajapiga magoti."

"Nimesikia," ilisema sauti ya nje. "Mura, usimshonee maneno yake lesi. Sema alichosema."

Hapo ndipo duara letu lilipopata sheria yake, na wala haikutoka kwa mwalimu. Fundi atasema kilichosemwa bila kuongeza wala kupunguza, na wenzetu watamsahihisha akikosea. Anayepokea atarudia kwanza alichokisikia, kisha atajibu. Mwanzoni ilichosha. Lakini kufikia saa nne nilitambua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijibu jambo ambalo mwenzake hakulisema, na katika maisha yangu sikuwa nimewahi kusikia mazungumzo ya namna hiyo, ya ardhi au ya jambo lingine.

"Mwambie," mkwe wangu alisema, "nimesikia anauliza mjane anaandikwa kwa jina la nani. Kaya ina mkuu mmoja. Mkuu akifa, ndugu yake anasimama mahali pake. Karatasi ya serikali nayo ina nafasi ya jina moja tu."

Nilirudia. Nikasema, "Muulize kama karatasi hiyo imeandika kwamba jina lazima liwe la mwanamume."

Alijibu: "Mwambie haikuandika. Mwambie pia karatasi haiwezi kuandika kila kitu ambacho watu wanakijua."

"Hapo amekuweza," fundi aliniambia kwa sauti ya chini.

"Hilo limesemwa na nani?" katibu aliuliza, kalamu juu.

"Futa. Ni langu."

Alasiri gari lilikuja, likapiga honi mara mbili, likaondoka. Blanketi lilikuwa bado chini ya benchi. Lilibaki pale Jumatano yote.

Wenzetu nao waliingia. Mkulima mmoja alisema mwanamke akiandikwa ataolewa kwingine na kiwanja kitaondoka naye. Mama wa Nyambureti alimuuliza kama kiwanja kina miguu. Mimi sikulala vizuri. Nilikuwa nikitafuta neno ambalo mzee asingeweza kulirudia kisha akalikataa. Sheria za serikali nilizijua kwa kuzisoma majuzi tu, na yeye alizipokea kama mvua ya mahali pengine. Nililipata Alhamisi tarehe 25 alfajiri, nikifagia bweni, na lilikuwa la kwetu wenyewe.

"Mwambie," nilisema tulipokaa, "nataka kuuliza juu ya nyumba ntobhu."

Mwalimu aliinua kichwa. "Samahani. Nyumba gani?"

Fundi alimweleza: kwa Wakurya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa binti, akamtolea ng'ombe wa mahari kama mwanamume anavyotoa, na watoto watakaozaliwa na binti huyo wakaitwa wa nyumba ya mwanamke yule. Mwalimu aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Aliambiwa amesikia.

"Muulize," niliendelea, "bibi anapooa kwa nyumba ntobhu, siku wazee wanapokaa kula nyama ya ndoa hiyo, ni nani anayetajwa kuwa mwenye nyumba? Ni shemeji yake? Kama mila inaweza kumwita mwanamke mwenye nyumba hata akaoa, kijiji kinachosema kimeleta mambo mapya kinawezaje kumpa mwanamke huyo nafasi ndogo kuliko waliyompa babu zetu?"

Fundi aliyapeleka yote bila lesi. Kabla hajamaliza mvua ilishuka juu ya mabati, mvua ya Machi, na hakuna aliyeweza kusikia chochote. Tulikaa. Sikuweza kugeuka kutazama. Niliitazama mikono ya katibu, kalamu ikiwa imesimama kwenye karatasi, doa la wino likizidi kukua. Nilifikiri mzee ameondoka. Nilifikiri ameloa na hasira imempanda. Mvua ilipopungua nilisikia kikohozi chake, karibu zaidi kuliko benchi lilipokuwa. Alikuwa amesogea chini ya upenu, mgongo wake ukutani, nyuma ya kiti cha fundi.

"Mwambie," alisema, "nimesikia anauliza ni nani anayetajwa." Nilisikia fimbo yake ikigonga ukuta. "Nyama hiyo nimeila mara tatu, na mara moja niliisimamia. Anatajwa bibi."

Kisha akaongeza, "Lakini muulize na hili. Mwenye nyumba anapokuwa na neno, hulipeleka kwenye ritongo. Yeye akiandikwa peke yake, siku ya neno lake nani atakuwa kinywa chake? Mimi sitasema naye. Nimezeeka, sitabadilika kwa sababu ya kiti."

Nilirudia maneno yake yote, hata lile la kiti, kwa kuwa ilikuwa sheria. Nikajibu, "Mwambie sitaki abadilike. Mwambie mdomo nitauchagua mwenyewe, kila mara mtu ninayemwamini, lakini maneno yatakuwa yangu. Na huyu anayenisemea sasa nyumbani, simwamini."

Nilikuwa nimemshitaki shemeji mbele ya watu wa nje. Fundi alinitazama kuona kama nitayarudisha. Sikuyarudisha. Aliyapeleka.

"Mwambie nimesikia," mkwe wangu alisema, na siku hiyo hakusema zaidi. Jioni blanketi halikuwapo chini ya benchi. Lilikuwa limerudi bwenini.

Ijumaa tarehe 2 Aprili katibu alifunga mada. Aliandika kwamba kundi halikukubaliana. Jumamosi mkwe wangu alipewa ruhusa ya kwenda kijijini kumaliza orodha, akaondoka bila kuacha neno lolote kwa fundi. Nilimuuliza fundi mara tatu. Mara ya tatu alinijibu, "Mama, mimi ni mlango. Mlango haujui mtu anakwenda wapi akishapita."

Jumatatu tulijadili mbegu. Siku mbili zilizofuata nilikuwa katika zamu ya jikoni na niliunguza uji wa chuo kizima. Mwalimu alinijia akaniambia kwamba michango yangu ilikuwa bora kuliko yote aliyoisikia muhula ule na kwamba barua yangu haitaandikwa kamwe. Nilimshukuru. Sikuwa nikiwaza barua. Nilihesabu: akiwa amekasirika, angeipeleka orodha moja kwa moja wilayani, nami ningejua habari zangu kutoka kwa shemeji.

Alhamisi tarehe 8, saa tisa alasiri, mzee alirudi na matope hadi magotini. Alikaa kwenye benchi la nje. Fundi aliitwa, nami nikaitwa na fundi, na wenzetu wakajikusanya bila kuitwa.

"Mwambie nimekuja kupitia hapa kwa sababu kesho nakwenda wilayani," mkwe wangu alisema. "Chukua hii, usome kaya ya sitini na tatu. Usome kwa sauti."

Fundi alivaa miwani. Alisoma jina langu, langu mwenyewe na la baba yangu. Alisoma "mkuu wa kaya". Alisoma majina ya binti zangu wawili. Kisha akasoma mahali pa kiwanja, na sikuwa na hakika kwamba nimesikia, nikamwomba arudie. Hakikuwa kile chenye mashimo ya nguzo. Kilikuwa cha mwisho kabisa, penye mawe, karibu na korongo.

"Mwambie," mkwe wangu alisema kabla sijafungua kinywa, "kile kingine shemeji yake amekwisha kukichimba, na mimi sitaki damu kijijini kwangu. Amechimba, akae. Huyu nimempa jina. Mawe atayatoa."

Nilitaka kusema kwamba kile kilikuwa kizuri zaidi, kwamba nilikuwa na haki nacho, kwamba mwizi hapewi alichokiiba kwa kuwa amekwisha kukishika. Maneno yalikuwa tayari. Niliyapima, nikaona orodha mkononi mwa fundi, bado haijafika wilayani.

"Mwambie nimesikia kaya ya sitini na tatu," nilisema, "na nimesikia korongo."

"Na mwambie bado kuna jambo la Jumatatu ile," sauti ya nje ilisema. "Alinitazama mbele za watu. Kiwanja hakijalifuta hilo. Ataniletea pombe na mbuzi, kama inavyotakiwa."

Mwalimu alisogea mbele. Alisema, kwa upole, kwamba mwanafunzi hawezi kutozwa faini kwa kuuliza swali darasani. Nilimwomba aniwie radhi. Nilimwambia kwamba swali langu lilikuwa halali na macho yangu hayakuwa halali, na kwamba mambo hayo mawili nayajua mimi. Nikamgeukia fundi. "Mwambie nitaleta."

Chuo kilifungwa kwa Pasaka tangu Ijumaa tarehe 16 hadi Jumatatu tarehe 19 Aprili. Mbuzi nilipewa na kaka yangu wa Susuni, na mama yangu aliniandalia kimea. Sikuwa na nyumba ya kupikia pombe zaidi ya kibanda kilichokuwa karibu na cha shemeji, na huko sikutaka. Kwa hiyo nilikwenda kiwanja cha korongoni, nikang'oa mawe matatu, nikayapanga kuwa mafiga. Shemeji alikuja akasimama penye mpaka, mikono nyuma.

"Shemeji, hapa hata mbigili haioti."

"Basi sitapata kazi ya kupalilia."

Aliondoka. Jumapili mkwe wangu alifika na wazee wawili. Walikaa upande wa barabara, migongo yao kwangu, na mama mmoja mzee, jirani niliyemchagua mwenyewe, akawakabidhi mbuzi, kisha kibuyu cha pombe. Walikunywa muda mrefu bila haraka. Mimi nilikaa juu ya jiwe ambalo bado sikuwa nimeweza kuling'oa. Aliponyanyuka, mzee alimrudishia jirani yangu kibuyu na kusema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia:

"Mwambie mwenye nyumba pombe yake haikuiva vizuri. Mwakani asiiharakishe."